Kiti cha Pili cha Bwana Omwenga

Jumatatu, 7 Mei 1973

Nitapanda ndege! Bado hakuna anayejua ila mimi na daftari hili.

Habari yenyewe ni hii. Bwana Omwenga, mpokea simu wa ofisi yetu ya ushirika wa pareto hapa Kisii mjini, amealikwa London. Mkutano wa wapokea simu wasioona. Wamempa tikiti mbili, ya pili ni ya mtu wa kumsaidia njiani. Mke hana, asante Mungu. Ndugu zake wako Nyansiongo, wamefungwa na ng'ombe wao wa maziwa. Nani amebaki? Mimi, Walter Nyamongo, karani wa barua, miaka thelathini na minne, sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko lori la pareto.

Saa nne nimempelekea chai mwenyewe, badala ya Orpah anayetupikia. Nikamshika mkono ili nimwelekeze kikombe. Akasema kikombe amekwisha kukipata kwa pua, na kwamba nimwachilie mkono maana anamuunganishia meneja simu ya Nairobi. Nikamwachilia. Mwanzo mzuri.

Jumanne, 8 Mei

Ofisi nzima inajua! Jethro wa stoo amempelekea Omwenga mkungu mzima wa ndizi mbivu. Jethro yule yule ambaye huficha hata karanga zake kwenye droo.

Jioni Omwenga akatuita sote wawili. Akasema njia ataulizia, choo atakitafuta, na mkono wa kushikwa hautaki. Jambo moja tu linamuuma. Amesikia kwamba kwenye ndege hiyo wanaonyesha filamu. Tangu utotoni, surua ilipomchukua macho, watu wakicheka huuliza kuna nini, na kila mara hujibiwa hakuna kitu.

"Watu mia wanacheka hakuna kitu!" akasema, akapiga meza.

Safari hii anataka kuketi na mtu atakayempa hicho kitu. Ijumaa gari la sinema linakuja Kebirigo. Mkanda wa kwanza atasimuliwa na Jethro, wa pili na mimi. Atakayemridhisha ndiye mwenye kiti.

Niliona haya, kwa sababu mimi mwenyewe nimemwambia hakuna kitu mara nyingi sana. Haya ikanitoka nilipofika kituo cha basi.

Jumatano, 9 Mei

Balaa. Mke wangu Eucabeth amenikumbusha kwamba Ijumaa jua likizama ni Sabato. Sisi ni Wasabato, na Mzee Angwenyi wa kanisa letu ana duka Kebirigo, mlango wake umetazama uwanja wenyewe. Mwaka jana alimsimamisha fundi cherehani mbele ya kanisa kwa kosa la kwenda kutazama mpira Jumamosi.

Nikamweleza Eucabeth kwamba hii ni kazi ya huruma, kumsaidia asiyeona. Akauliza kama nina huruma hiyo mbona sijawahi kumbebea mama yake hata debe moja la maji. Mwanamke huyu ana kumbukumbu ndefu mno.

Baada ya chakula (mboga za chinsaga, tena) nikapata dawa. Dhambi ni kutazama. Kusema si dhambi. Nitaketi nimeipa sinema mgongo, Angwenyi ashuhudie, na nitasimulia kila kitu bila kuona hata kimoja. Mimi si mtu wa kawaida.

Alhamisi, 10 Mei

Nimemwahi Shariff, mwenye gari la sinema, akinywa chai karibu na msikiti. Akanieleza mkanda wa pili wote. Majambazi wanavamia gari moshi. Kiongozi wao ana kovu shavuni, na anampenda binti wa stesheni masta. Nimejaza karatasi nne na nimezikariri. Shariff akauliza kwa nini nisije tu kutazama kama watu. Nikamwambia ni mambo ya dini. Akasema yeye ni Mwislamu na anaziheshimu dini zote, lakini hii yangu ni mpya kwake.

Mchana Omwenga amenipigisha chapa barua kwa shirika la ndege. Anauliza wana nini kwa abiria asiyeona wakati wa filamu. Akataka niulize na kwa ajili ya viziwi pia, kwa sababu nao hupanda ndege. Mwishoni nikaongeza mwenyewe, bila kumsumbua kwa kumsomea, kwamba msaidizi wake ni Bw. W. Nyamongo na angependa dirishani.

Jumapili, 13 Mei

Sikuandika jana, ilikuwa Sabato. Pia sikuweza kushika kalamu kwa hasira.

Ijumaa ilianza vizuri. Saa moja jioni, uwanja wa Kebirigo umejaa, Shariff amewasha mtambo wake. Omwenga katikati, Jethro kushoto, mimi kulia, Orpah nyuma yetu na mfuko wa karanga. Jethro akaanza kwa kusema, "Huyu wa farasi mweupe atakufa mwishoni." Kumbe alikwisha kuiona mjini! Kabla farasi hajatembea hatua kumi, Omwenga alikwisha kuambiwa nani amezikwa na nani ameoa mjane. Akamshukuru Jethro kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa sahani. Nilifurahi mpaka nikamwonea huruma Jethro, kidogo.

Zamu yangu. Nikageuza kiti, nikaipa sinema mgongo. Angwenyi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Nikamwinamia kichwa. Nikaanza.

Gari moshi linakuja kwa kasi, nikasema. Omwenga akauliza mbona halilii. Nikasema bado liko mbali. Hapo spika ikatoa mlio wa ng'ombe, tena mkubwa. Nikasema majambazi wameiba ng'ombe. Watu wakacheka. Nikadhani wananichekea mimi kwa utamu wa maneno, nikapata nguvu. Nikasema yule mwenye kovu sasa amemkumbatia binti wa stesheni masta, anambusu shingoni, binti naye amefumba macho! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kuna mama alilala chini.

Omwenga hakucheka. Aligeuza uso huku na huku. Akauliza, kwa sauti ndogo, kuna nini.

Ndipo Orpah akashindwa kuvumilia. Akainama sikioni kwake.

"Ni ng'ombe, baba. Dume nyekundu. Wanaisukuma iingie kwa josho, imekataa. Mtu ya kofia ameshika mkia. Anavuta... Uuui! Ni mtu ameanguka ndani! Ng'ombe imebaki huko juu inamwangalia. Kofia inaelea."

Omwenga akacheka baada ya watu wote kunyamaza. Mara ya pili akacheka pamoja nao. Orpah akamwambia mtu ametoka, anakamua kofia maji, anaivaa tena. Omwenga akafuta machozi kwa tai yake. Sijawahi kumwona hivyo, na nilichukia kwamba si mimi niliyemfanya hivyo.

Shariff anasema bwana mifugo alimwomba aingize filamu ya josho hapo katikati, na kwamba angenipungia mkono kama ningekuwa nimemtazama.

Jana kanisani Angwenyi alinisimamisha. Akawaambia waumini wanione mimi, mtu aliyekaa sinema inamwakia nyuma asigeuke. Baada ya ibada akanivuta pembeni. Akauliza polepole kama yule wa kofia alitoka salama, kwa sababu mteja mmoja alisimama akamziba.

Jumatano, 23 Mei

Kiti ni cha Orpah. Nimemkumbusha Omwenga kwamba Orpah hana hata cheo. Akasema cheo hakionyeshwi kwenye filamu.

Jibu la ndege limefika. Nilimsomea mara tatu kwa sababu alikuwa akicheka akashindwa kusikia. Wanasema asiwe na wasiwasi, filamu inaonekana vizuri kutoka kila kiti. Hata hivyo, kwa kuwa haoni, watamsogeza karibu na pazia la filamu. Viziwi nao wamefikiriwa: wataongezewa sauti. Na Bw. W. Nyamongo ametengewa dirisha.

Omwenga akauliza Bw. W. Nyamongo ni nani huyo. Nikasema labda ni makosa ya chapa. Nimeamriwa kuandika upya, jina la Orpah. Ile O ya kwanza niliipiga mpaka karatasi ikatoboka.

Jumatano, 20 Juni

Wamerudi. Orpah amenunua koti jekundu na anatembea kama aliyezaliwa uwanja wa ndege. Omwenga anasimulia filamu nzima kila anapounganisha simu, na leo meneja amengoja laini yake dakika sita. Kumbe walisogezwa mbele kweli, wakakaa shingo juu. Orpah akanong'ona kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka viatu wala mbwa. Wazee wawili wa Kisumu waliokuwa nyuma walivua vile vitu vya masikioni vya kusikilizia filamu, wakamsikiliza yeye. Mhudumu alipowaambia wanyamaze, wazee hao ndio waliomfukuza.

Omwenga ameniletea zawadi, kitu chenyewe cha masikioni. Ni mrija wa plastiki wenye matawi mawili, kama wa daktari. Nilikaribia kulia. Mtu nilimdanganya, naye amenibebea kitu kutoka angani.

Akaongeza kwamba huko London alisikia mwaka ujao kuna mkutano wa viziwi, Stockholm. Makarani. Tikiti mbili kwa kila kiziwi.

Machozi yakakauka papo hapo.

Jumatatu, 25 Juni

Leo nimeanza uziwi. Nimeingia ofisini na mrija masikioni, mwisho wake nimeuchomeka mfuko wa shati. Jethro kanisalimia, nikaendelea kupanga barua. Meneja kaniita mara mbili, nikatazama ukuta. Orpah akaweka chai na kuuliza sukari vijiko vingapi. Nilitaka vitatu. Nikanywa bila sukari! Hiyo ndiyo kazi ya mtu mwenye nia.

Mpaka saa nne ofisi nzima ilikuwa ikininong'onea, nami nilikwisha kuchagua soksi za Stockholm.

Saa nne na robo simu ya mezani kwangu ikalia. Nikatoa tawi moja la mrija sikioni, nikainua, nikasema halo. Alikuwa Omwenga, kutoka kwenye bodi yake ya simu. Akauliza kama namsikia vizuri.

Nikamwambia buya mono, vizuri kabisa, kana kwamba yuko hapa hapa.

Akakata. Kicheko chake nilikisikia kupitia ukuta.

Haidhuru. Kesho naanza kutoona.