Mikono Miwili Myekundu

Jumatatu, 3 Juni

Siku nzuri kwa jumla. Gari limenifedhehesha mara moja tu.

Asubuhi nilimpeleka mama mkwe hospitali kulazwa, afanyiwe upasuaji wa jicho. Mke wangu alikaa naye kiti cha nyuma. Barabara kuu tulikwenda vizuri. Tulipofika kwenye tuta la kwanza, nyuma ikagonga kwa kishindo, gari likasogea upande kama kaa, na mama mkwe akakishika kitasa cha mlango kwa mikono miwili. Hakukiachia mpaka tulipoingia hospitali. Aliposhuka alinishukuru sana. Kisha akasema kwa upole wote kwamba Jumamosi akiruhusiwa atachukuliwa na mume wa binti yake mkubwa, ili mimi nisisumbuke.

Huyo ni mwanyumba wangu. Tumeoa dada wawili, na tumenunua gari la aina moja, la mwaka mmoja, tofauti ni rangi tu. Lake halitoi sauti. Ni mtu anayetunza risiti ya kila kitu, hata ya kiberiti. Hapa nyumbani tunamwita Bwana Risiti, ingawa si mbele yake.

Sasa sikia. Daktari amesema mama asirushwerushwe kwa wiki mbili. Atakayemchukua Jumamosi ndiye atakayekwenda naye kwake kumuuguza. Miaka tisa ya ndoa, mama mkwe hajawahi kulala kwetu hata usiku mmoja. Mke wangu alishakitayarisha kile chumba kidogo, mashuka ameyafua mara mbili. Tuliporudi aliingia chumbani akayatoa mashuka kitandani, akayakunja, akayarudisha kabatini.

Niliumia sana. Chakula kilinishinda. (Nilikula kidogo.)

Nimeamua. Gari litapona kabla ya Jumamosi!

Jumanne, 4 Juni

Fundi gereji amelala chini ya gari langu robo saa nzima. Niliona miguu yake tu na ovaroli lililochanika pale pa kukalia. Mimi ni fundi nguo, siwezi kutoona.

Akatoka na hukumu. Kuna mikono miwili ya chuma inayoyashika magurudumu ya nyuma, mmoja kila upande. Raba zake, yaani bushi, zimekwisha kote kuwili, na gurudumu la kulia limelala, juu limetoka nje, ndiyo maana tairi linaliwa ukingo mmoja. Ninunue mikono mipya miwili, ya kawaida, myeusi, yenye raba nzuri. Kisha gari lipelekwe alaimenti, kwenye ile mashine ya kuyasimamisha magurudumu sawasawa.

"Ila usinunue inayong'aa," akasema.

Nikamuuliza inayong'aa ina ubaya gani. Akasema haina ubaya, inataka tu mtu wa kuirekebisha. Nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na miwili. Nimepunguza viuno, nimeongeza viuno, nimerekebisha suruali ambazo wengine walishauri zichomwe. Nikamuaga kwa heshima.

Mke wangu ametoa bahasha ya akiba. Alihesabu mbele yangu: inatosha mikono myeusi na mashine, basi. Alinitazama kwa matumaini. Sitamwangusha.

Jumatano, 5 Juni

Duka la spea. Niliingia kama mtu anayejua anachokitaka.

Muuzaji alinipangia mikono ya kila namna juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni yenyewe, ndani ya boksi lake. Nilipoambiwa bei niliirudisha kwa mikono miwili, polepole. Kulikuwa na iliyotumika, imetolewa kwenye gari bovu, anaapa haikutembea sana, lakini raba zake zimepasuka kama kisigino changu. Kulikuwa na ya bei ya kutupa, bati jepesi. Niliibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea. Halafu hii myeusi ya fundi. Mizito, raba safi, sura mbaya. Nikaichukua. Bahasha ilikuwa tayari nje ya mfuko!

Nani anaingia? Bwana Risiti, kununua balbu moja. Akaiona mikono myeusi, akaisifu. Akasema naye atabadilisha yake hivi karibuni, na atachukua hiyohiyo, ni chaguo la mtu mwenye busara. Kisha akaniambia nisijali kuhusu Jumamosi, keshanunua mto wa kumwekea mama kichwani. Mto! Bila shaka ana risiti yake.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikaiona. Imetundikwa ukutani. Mikono miwili myekundu, inameta, na katikati ya kila mmoja kuna hesi na nati. Ukizungusha huku, unarefuka. Ukizungusha kule, unafupika. Sijawahi kuona spea inayofanana na kazi yangu namna ile. Ni suruali yenye kiuno cha kuongeza na kupunguza!

Imemaliza bahasha yote. Pesa ya mashine haipo tena, lakini nimelifikiria hilo. Mashine ni ya watu wasiokuwa na jicho wala futi. Mimi navyo vyote viwili.

Nilimwonyesha mke wangu. Akauliza kama rangi hiyo itaonekana gari likitembea. Nikasema haitaonekana, itakuwa chini. Akauliza sasa ya nini. Nilikuwa na suruali ya mwalimu mkuu ya kupiga pasi, nikaondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefunga duka mchana. Kazi nimeifanya mwenyewe, uani.

Gari nililiinua kwa jeki palepale ninapoinulia siku zote, katikati ya mkono wa kulia. Chuma pale kimebonyea vizuri kikawa kama kiti cha jeki, hakitelezi. Nikatia magogo chini ya bodi. Boli la kwanza lilikuwa limeshika kutu. Nikalimiminia mafuta ya cherehani, chupa nzima. Halikujali. Nikavalisha bomba kwenye spana, nikaning'inia. Likaachia ghafla, nikajikuta nimekaa kwenye beseni la nguo za mke wangu. Nguo zilikuwa safi. Zilikuwa.

Sasa kipimo. Hapa ndipo fundi hujulikana. Mteja akileta suruali ya zamani, unailaza mezani, unaipima, unakata mpya kama ile. Huhangaiki. Nililaza mikono ya zamani juu ya meza ya kukatia, nikapima kwa futi kutoka tundu hadi tundu. Wa kushoto, sentimita arubaini na mbili kamili. Wa kulia, arubaini na nusu.

Mwingine angeshtuka. Mimi nilitabasamu. Katika miaka yote hii sijavisha mtu mwenye mabega yaliyolingana. Kama gari lilikuwa na bega moja fupi, basi ndivyo lilivyoumbwa! Nikazungusha nati, kila mkono mpya nikaupa urefu wa mwenzake wa zamani, nikatia alama kwa chaki. Hata unywele haukuzidi.

Jioni nimelizungusha mtaani. Halikugonga! Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nilipiga honi kwa furaha mpaka jirani akachungulia.

Bado linakwenda upande kidogo. Nguo mpya lazima ikae mwilini kwanza.

Ijumaa, 7 Juni

Haijakaa mwilini.

Asubuhi gurudumu la kulia lilikuwa limelala vilevile. Kwa haki, limelala vilevile kabisa, na hilo si jambo dogo kwa kazi ya mkono. Nikampelekea fundi gereji. Akaingia chini, akakaa, akatoka, akaniuliza kipimo nimetoa wapi. Nikamweleza yote, pamoja na chaki. Nilikuwa nimebeba mkono wa zamani kama ushahidi.

Akaushika. Akaulaza kwenye benchi, na hata mimi nikauona mgongo wake.

"Umepima uliopinda," akasema.

"Nimepima kama ulivyokuwa," nikamjibu.

"Yaani umenunua mpya, ukaupa ugonjwa wa zamani."

Alikaa juu ya tairi akacheka mpaka akafuta machozi. Alipopata pumzi akasema ningepima wa kushoto mara mbili, saa hizi ningekuwa dukani kwangu. Kisha akauliza jeki huwa naiweka wapi. Ukutani pana kalenda nzuri sana. Niliisoma.

Akasema sasa ni lazima mashine, kwa macho hatufiki. Mashine inataka pesa, na pesa nimeitundika chini ya gari, nyekundu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Kwamba duka liliishiwa myeusi. Kwamba mashine imeharibika. Nilipofika, mke wangu alikuwa mlangoni pa kile chumba kidogo, mashuka begani, hajui atandike au asitandike. Maneno yote yakanitoka. Nikamwambia kweli, pamoja na Bwana Risiti na mto wake. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu siku ya posa.

Hakunifokea. Aliuliza swali moja tu: huyo fundi anavaa nini kazini.

Huyu mwanamke! Saa sita nilikuwa gereji tena, futi shingoni. Tukakubaliana: maovaroli mawili mapya, naye analipia mashine na kusimamia mwenyewe. Kitambaa ninacho, kilibaki nilipowashonea walinzi sare. Nikamwomba lile ovaroli lake la zamani nikakate kwa kulifuata. Akasema hapana, nimpime yeye. Akacheka tena. Sikuelewa alichochekea.

Nimeshona mchana kutwa, sindano mbili zimevunjika. Kabla jua halijazama fundi amelirudisha gari. Magurudumu yamesimama wima kama askari. Anasema maboli ya kwenye raba ameyakaza gari likiwa chini, kwa uzito wake, siyo likining'inia kama nilivyofanya mimi, la sivyo raba zinajisokota na kuchanika. Naona ni uvivu wa kuinua jeki, lakini nimemshukuru.

Mke wangu ametandika.

Jumamosi, 8 Juni

Tulifika hospitali saa mbili. Bwana Risiti alifika saa moja na nusu. Gari limeoshwa, mlango uko wazi, mto uko tayari. Mama mkwe akatoka kafungwa bandeji jicho moja, na kwa lile jingine akaliangalia gari langu kama mtu anayemkumbuka mdai wake. Akaanza kuelekea kwa Bwana Risiti. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa anatazama chini.

Kisha akamfuata mama yake, akamshika mkono.

"Mama, lipande mpaka getini tu. Likikurusha, utashuka uende na shemeji."

Mama mkwe alifikiri. Akauliza getini ni mbali gani. Akaambiwa hatua hamsini. Akaingia, akakishika kitasa, akafumba na lile jicho zima.

Nimeendesha kama niliyebeba trei ya mayai. Getini nikapunguza mwendo ili ashuke akitaka. Hakuomba kushuka. Bwana Risiti alikuwa nyuma yetu, mto mapajani. Nikaenda. Tuta la kwanza likapita. Likapita la pili. Tukashika barabara kuu, tukazunguka kipilefti, tukapita soko. Kwenye kioo nilimwona mke wangu ameuma midomo.

Ndipo mama mkwe aliposema, macho bado kayafumba:

"Kwani baba, tunaondoka saa ngapi?"

Mke wangu akaanza kucheka, kisha akalia, kisha vyote kwa pamoja. Mimi nilikuwa na vumbi machoni. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini ni vumbi.

Analala chumba kidogo. Amesifu mashuka.

Alhamisi, 13 Juni

Mama mkwe yuko siku ya sita. Jicho linaendelea vizuri, kwani ameshaona buibui juu ya kabati na kitufe kimoja kwenye shati langu kisichofanana na vingine. Mke wangu anaimba jikoni. Nyumba imejaa.

Leo kaja Bwana Risiti kumsabahi. Alikaa, akakohoa, akazungukazunguka, mwisho akakiri. Ile Jumamosi alitufuata kwa nyuma mpaka mlangoni, na hakuona gari likiyumba hata mara moja. Jana amekwenda dukani. Ameacha myeusi. Amenunua myekundu! Risiti anayo. Akaniomba, kwa unyenyekevu ambao nitaukumbuka maisha yangu yote, kama naweza kumsaidia kuifunga.

Nikampeleka nje nimwonyeshe jinsi inavyokaa. Nililiinua gari kwa jeki, katikati ya mkono wa kulia. Chuma kipya kile ni imara, kinafaa sana kwa jeki, kuliko hata cha zamani. Ni kweli kilinong'ona kidogo. Ndivyo chuma kipya kinavyozoea.

Aliuliza kuhusu mashine. Nikamwambia asitupe pesa. Gari lake na langu ni aina moja, mwaka mmoja, na fundi mwenyewe alishasema kwa kinywa chake kwamba ukipima mkono mmoja mara mbili huhitaji mtu. Ule wa kushoto sijui niliutupa wapi, lakini wa kulia nimeuhifadhi kabatini, nimeuviringisha kwa bitana. Sentimita arubaini na nusu, pande zote mbili.

Tunaanza Jumamosi saa tatu. Yeye analeta risiti, mimi naleta jeki.