Jezi Mbili, Fainali Moja

Jumatatu, 8 Juni
Timu yangu imetolewa nusu fainali. Mabao manne bila majibu. Kinyozi ametangaza mbele ya wateja wote, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba timu yoyote ninayoishabikia lazima izame. Ameniita Nuksi. Wote wakacheka, hata yule aliyejaa povu usoni. Nikacheka nao. Wembe ulikuwa bado shingoni.

Fainali ni Jumamosi, Wekundu na Weupe. Lazima nichague upande. Kuchagua kwa moyo nimeacha, moyo umeniponza vya kutosha. Bosi wangu ni shabiki wa Wekundu wa kufa na kupona. Baba mkwe mtarajiwa anawafia Weupe. Bosi ana cheo cha mkuu wa stoo, kipo wazi tangu mwaka jana. Baba mkwe ana binti yake, na tarehe ya harusi ambayo kila nikiigusia anakumbuka ana simu ya kupiga. Navitaka vyote viwili. Sioni ubaya.

Jumanne, 9 Juni
Nimeingia kwa bosi na kumwambia mimi ni Mwekundu tangu tumboni mwa mama. Nilitegemea mkono wa pongezi. Bosi akainuka, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amenituma kuiua timu yake. Kumbe naye ananyolewa kwa kinyozi yuleyule! Ameniamuru niwashabikie Weupe, kwa moyo wote, na jezi nivae. Wekundu wakichukua kombe, stoo ni yangu.

Nimetoka pale nimefura kwa hasira. Hasira ikaisha kwenye ngazi. Mtu anayeweza kuangusha timu nzima kwa kuipenda tu si mtu wa kudharauliwa!

Jumatano, 10 Juni
Jioni kwa baba mkwe. Yeye hukodisha viti na maturubai kwa shughuli za watu. Safari hii sikungoja kuambiwa. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba, kwa heshima yake, nimeamua kuwashabikia Wekundu na jezi yao nitavaa, ili nuksi yote iwaangukie wao. Mzee akanitazama kwa upendo ambao sikujua anao. Akaniita mwanangu! Weupe wakishinda, tarehe inatajwa usiku huohuo.

Mchumba wangu alikuwa pembeni anakunja vitambaa vya meza. Akaniuliza mimi mwenyewe nataka nani ashinde. Swali gani hilo! Nikamwambia asijali, mambo yote yako sawa.

Alhamisi, 11 Juni
Bosi ataonyesha fainali kwenye ua wa kampuni, skrini kubwa, wafanyakazi wote waje. Tatizo hana viti. Mdomo wangu ukawahi kabla ya akili: namjua mzee mmoja, viti imara, bei ya kirafiki. Bosi kafurahi. Baba mkwe kafurahi zaidi. Kila mmoja ananiona mtu wa maana. Watu wengine wanasoma miaka mingi wasifikie busara hii.

Mpango uko hivi. Kipindi cha kwanza nipo kwa bosi, jezi nyeupe juu, nyekundu chini. Mzee atashusha viti na kurudi kwake mtaa wa pili, kama kawaida yake. Mapumziko navua nyeupe, natimua mbio, kipindi cha pili naangalia naye sebuleni. Nani atajua?

Ijumaa, 12 Juni
Nimenunua jezi. Muuzaji ameniuliza kwa nini zote mbili. Nimemwambia moja ni ya mdogo wangu. Sina mdogo. Akaniambia hii nyeupe ni nyepesi mno, inapitisha hewa. Nikamwambia ndiyo ninayoitaka.

Jumamosi, 13 Juni
Aibu.

Mzee alishusha viti. Nikasimama getini tayari kumuaga. Akavuta kiti, akaketi mstari wa mbele, bega kwa bega na bosi! Akasema viti vyake hawezi kuwaachia watu wa mpira, huwa wanavipanda. Mchumba wangu akaketi nyuma yake.

Nikaazima koti la mlinzi, nikafunga zipu hadi kidevuni. Jua lilikuwa kali. Bosi akigeuka, nashusha zipu, anaona nyeupe. Mzee akigeuka, navuta kola nyekundu, anaona nyekundu. Kijasho chembamba kiligeuka mto. Weupe wakatangulia, mzee akanikonyeza.

Dakika za mwisho Wekundu wakasawazisha. Bosi kwa furaha akanivua koti apate kitu cha kupeperusha. Dereva wa kampuni kwa furaha akamwaga ndoo nzima ya maji ya barafu. Ikanipata mimi. Jezi nyeupe ikanigandia mwilini, na nyekundu ikatokeza yote, hadi namba ya mgongoni.

Bosi akasimama. Mzee akasimama. Kila mmoja akanidai maelezo. Maji yamenifika shingoni, nikapaza sauti kwamba mimi simshabikii yeyote, namshabikia refa!

Hapohapo refa akashika paja, akaanguka. Wakamtoa kwa machela.

Wekundu wamechukua kombe kwa penalti. Bosi amesema kombe limekuja licha ya nuksi yangu, kwa hiyo stoo anapewa dereva. Mzee amesema Weupe wamekufa kwa sababu nyeupe nilivaa juu. Amepakia viti vyake, akianza na nilichokalia mimi. Kisha yeye na bosi wakashikana mikono. Wamekubaliana kuhusu mimi.

Jumapili, 14 Juni
Mchumba wangu amekuja. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Amesema kila jioni baba yake anamuuliza mimi ni mtu wa namna gani, na majibu yamemwishia. Amesema hajawahi kunisikia nikimwambia mzee kwamba namtaka yeye, bila mpira, bila jezi, bila sharti. Jumatano niende nikaseme ukweli. Nisipofanya hivyo, nimsahau.

Nimeumia. Hili nalisema bila utani. Nampenda yule binti, na ameondoka bila kugeuka.

Jumatano, 17 Juni
Naenda jioni hii. Hila basi! Nimebadilika kabisa, mtu mpya. Nitasema ukweli mtupu, na tangu asubuhi nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo. Ukweli wa kwanza ni endapo mzee atakuwa peke yake. Wa pili ni endapo bosi atakuwepo, maana nasikia siku hizi wanaangalia mpira pamoja.