Ombi la Kumhamisha Mama kwa Kosa la Kumaliza Taka

Kwa Dada Mkubwa, Fundi Cherehani,
na Shemeji asomewe kama yupo karibu.

Kuhusu: Kuhamishwa kwa Mama kutoka Kwangu kuja Kwako, Jumamosi Hii

Dada,

Shikamoo. Natumaini cherehani inazunguka na wote nyumbani mna afya njema. Sisi huku ni wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo imelazwa na haioneshi dalili ya kupata nafuu. Nakuandikia kama karani wa siku nyingi, yaani kwa mpangilio na kwa namba, usije ukasema mdogo wako ana hasira tu. Hasira ninazo, lakini nimezipanga.

Utakumbuka kwamba Mama alikuja kwangu kwa ajili ya goti. Goti limepona. Daktari amelibonyeza, amelikunja, amelikunjua, akasema lina nguvu kuliko la kwake. Mimi nilidhani mtu akipona hutulia, akaangalia televisheni. Mama amelitumia goti hilo kupiga magoti chini ya sinki la jikoni, akaivuta ndoo yetu ya taka, akaiosha kwa majivu na ndimu, na akapanda vitunguu ndani yake. Tangu hapo nyumba yangu haina ndoo ya taka, na mimi sina raha.

Sina ugomvi na usafi wa mazingira, hilo lieleweke mapema. Ofisini kwetu kuna bango kubwa linalohimiza watu wapunguze plastiki. Bango lenyewe ni la plastiki, na mimi ndiye niliyelitundika. Ninachopinga ni mtu kuyafanya mambo hayo kweli, tena nyumbani kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama ana swali. Kila kinachotaka kuvuka kizingiti cha mlango wangu hukisimamia na kuuliza: unakitaka, au ni taka? Mwanzoni tulicheka. Sasa mke wangu anauliza, na binti yetu wa darasa la tatu anauliza huku amefunga mikono kifuani kama askari wa forodha. Juzi nilirudi na biskuti za kisasa, kila moja imevikwa nailoni yake, zote zimelazwa kwenye sinia la plastiki, sinia limo kwenye boksi, na boksi limo kwenye mfuko. Mtoto akaniuliza kama nazitaka au ni taka. Nikasema nazitaka. Akajibu basi nizile huko huko nje, na manailoni niyarudishe kwa aliyeniuzia. Dada, nilizila kwenye ngazi. Watu walikuwa wanapita wakinisalimia.

2. Kamba ya nguo. Mifuko ya plastiki iliyokuwemo humu kabla Mama hajaja haikutupwa. Imefuliwa na kuanikwa kwa vibanio, mmoja baada ya mwingine, katikati ya mashati yangu, na upepo ukivuma inapiga makofi. Mama Pacha wa ghorofa ya chini amemuuliza mke wangu kama tumefungua biashara. Na kwa kuwa nimetaja mashati, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba lile shati langu la bluu halipo tena. Nusu yake inapangusa meza, nusu inashikia sufuria za moto, na mfuko wa kifuani umekuwa kipochi cha kutilia hivyo vibanio. Nilipouliza, niliambiwa lilikuwa limechakaa kwenye kola. Sawa, lakini kola ilikuwa yangu.

3. Buchani. Mama huenda kununua nyama na bakuli lenye mfuniko. Muuza nyama alimcheka siku ya kwanza, siku ya pili akamwita bibi, na sasa wanaitana majina ya utani. Wateja wengine wameiga. Wiki iliyopita nilipita pale nikitoka kazini, mikono mitupu, kama mwanamume huru. Muuza nyama akaniuliza bakuli liko wapi. Nikasema anifungie tu kwenye mfuko. Akaweka kisu chini, na mbele ya foleni nzima akasema atamwambia mama yangu. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, niligeuka nikarudi nyumbani kuchukua bakuli.

4. Chupa ya siki. Unajua nilivyokuwa napenda maji ya chupa ya kikaoni, ile baridi, ambayo ukiifungua inasema "ka!" na kila mtu anajua umefika. Mama aliposikia kwamba tunakunywa robo na kuacha zilizobaki mezani, alishika kichwa. Kesho yake nikakuta kwenye mkoba wangu maji ya nyumbani, yaliyochemshwa na kuchujwa, ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya siki. Ameiosha vizuri sana, siwezi kumsingizia, lakini nembo imegoma kutoka. Nikanywa katikati ya kikao cha bajeti. Mkurugenzi akasimamisha kikao, akaniuliza kwa upole kama tumbo linanisumbua au ni ushauri wa mganga. Tangu siku hiyo kila nikiomba ruhusa ya kwenda msalani wenzangu wanapeana macho.

5. Shule. Hapa, Dada, tafadhali kaa chini kama umesimama. Mwalimu aliwaagiza watoto kila mmoja alete taka za nyumbani kwao, wajifunze kuzitenganisha. Binti yetu alizunguka nyumba nzima. Maganda ya viazi yako kwenye pipa la barazani, yanaoza yawe udongo. Maganda ya mayai yametwangwa na kunyunyiziwa vitunguu. Makopo yana miche, mitungi ya jamu ina maharage, magazeti yamekatwa na yana kazi yake ambayo sitaitaja kwenye barua ya heshima. Mtoto akaenda mikono mitupu, akasimama mbele ya darasa na kusema kwa kinywa kipana kwamba kwao hawana taka.

Mwalimu akaniita. Alizungumza nami kwa sauti ya chini, ile ya kumuulizia mgonjwa mahututi, akitaka kujua kama bado nina kazi, kama watoto wanakula, na kama kuna jambo ningependa kumwambia akiwa kama dada. Alikwisha kuniwekea pembeni kilo kadhaa za unga. Nilitoka pale masikio yanawaka.

Ili kuokoa jina la ukoo, nilichukua beseni nikashuka kwa Mama Pacha. Akafungua mlango, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka taka. Akadhani kigugumizi kimenishika, akanitazama kwa huruma, akisubiri nimalizie. Nikarudia: nataka taka. Akaniambia nisiwe na haraka, nivute pumzi. Mpaka tuelewane, pacha wote wawili walikuwa wameshatoka sebuleni kuniangalia. Alinipa, tena kwa moyo, akaniongezea na za juu kama muuza karanga. Lakini habari ilifika ghorofa ya mwisho kabla yangu.

6. Mzoa taka, mwenyekiti na ofisi. Haya ni mambo matatu ila yamefungana, siwezi kuyatenganisha. Mzoa taka wetu alikuwa akigonga kwetu anakuta hakuna kitu. Alivumilia, kisha akaingiwa na shaka, kwa kuwa katika kazi yake hajawahi kuona watu wanaokula wasiotupa. Wakati huo huo mtaro wa nyuma ya jengo ukaziba. Mwenyekiti wa kamati ya wapangaji akapiga hesabu zake: wote wanatoa taka, sisi hatutoi, kwa hiyo zilizo mtaroni ni zetu. Tukashtakiwa kwa kutupa taka ovyo, Dada, na ushahidi ni kwamba hatuna taka.

Mama alimpokea mwenyekiti kwa chai, akampeleka barazani, akamfunulia lile pipa. Mwenyekiti akainama, akanusa, akachota udongo akausugua viganjani. Aliondoka na udongo wa kutosha kwa maua ya mkewe. Mashtaka hakuyafuta. Alisema atayafuta siku akiona kwa macho yake taka zinatoka mlangoni kwetu kama kwa watu wengine.

Ningefanyaje? Kwa Mama Pacha nisingeweza kurudi. Nikaanza kubeba taka kutoka ofisini. Pale tuna taka nzuri sana: vikombe vya plastiki vya kunywea mara moja, mirija, vifuniko, na zile chupa za kikaoni. Nilikuwa nazificha kwenye mkoba chini ya mafaili, nazipitisha getini nikipiga mluzi, usiku nazipanga mlangoni kwa fahari. Asubuhi Mama alikuwa anaamka kabla ya mzoa taka, anaziokota, anaziosha, anazipandia miche. Mzoa taka akifika, mlango mweupe. Nikaongeza mzigo. Hapo ndipo mlinzi, ambaye siku zote hunipigia saluti, aliponisimamisha mbele ya wafanyakazi wanaotoka, akafungua mkoba wangu na kuanza kutoa kikombe kimoja kimoja. Sasa nina kesi ya wizi wa taka za ofisi. Afisa utumishi anasema kosa hilo halimo kwenye kanuni, ila nisiwe na wasiwasi, wanatafuta kifungu.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu uje Jumamosi umchukue Mama. Hajui lolote kuhusu ombi hili. Utamwambia tu umemkumbuka, na kwamba pale kwako vipande vya vitambaa vimejaa chini ya meza ya kushonea, jambo ambalo litamfanya afungashe kabla hujamaliza kusema. Najua atakumalizia vitambaa hivyo, kisha atahamia jikoni kwako, kisha kwa majirani zako. Nakuonea huruma. Lakini mimi maji yamenifika shingoni, na kila mtoto ana zamu yake. Sisemi Mama ni mbaya. Nasema ukweli wangu: naona aibu. Nimekuwa mtu mdogo ndani ya nyumba ninayoilipia kodi, naulizwa maswali na mtoto wa darasa la tatu, na sina hata mahali pa kutupa kijiti cha kuchokolea meno.

Naamini ombi langu litapokelewa kwa uzito unaostahili. Msalimie Shemeji, wasalimie wapwa zangu wote mpaka yule anayetambaa, wasalimie wateja wako na mafundi wenzako, na jirani yako yule mwenye redio ya kelele mwambie bado namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki bila ndoo,

Karani

Nyongeza baada ya saini:

Dada, usifungashe kwanza. Nilipomaliza kuandika niligundua sina bahasha. Nikamuuliza Mama kama anayo. Hakuuliza naandika nini. Alichukua pakiti tupu ya unga, akaifumua, akaigeuza upande mweupe uje nje, akaikunja juu ya paja, akaibandika kwa uji alioukoroga kwenye kijiko. Akaipuliza ikauke. Ndipo akauliza inakwenda kwa nani. Nikasema kwa Dada. Alifurahi mpaka akakaa.

Akasema nikuandikie kwamba usijisumbue kupanga safari ya kuja kumchukua, maana anajua mtoto wake wa kike hapati usingizi akidhani mama yake ni mzigo kwa watu. Akasema tangu Baba atutoke alikuwa anakaa tu kwenye kiti akisubiri kuletewa chakula, goti likamuuma kwa kukaa, na hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu. Akasema: "Mwambie huku nina kazi. Na wananitaka."

Akanipa bahasha, akarudi kwa maharage yake. Mimi nililia, Dada. Nalisema waziwazi, nililia kama mtoto, na machozi nikayafuta kwa ile nusu ya shati la bluu, ambayo kwa kweli inafuta vizuri sana.

Basi futa yote niliyoandika kuanzia namba moja. Jumamosi njoo, lakini njoo kula, na usilete kitu kwenye mfuko.

Utajiuliza kwa nini nimeituma barua hii badala ya kuichana. Nimeshindwa. Humu ndani hakuna pa kuitupa. Nikiichana, Mama ataokota vipande, atavinyoosha, na yeye kila karatasi huisoma kwanza kabla ya kuipa kazi. Nikiichoma, atauliza nimechoma nini. Njia pekee ya kuitoa barua hii nyumbani bila yeye kuiona ni kuiweka kwenye bahasha aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo isome, kisha itupe huko kwako, ambako bado mnatupa.

Bahasha usiitupe.