Firigisi ya Kaka Ambwene

Jumapili, 21 Desemba
Siku nne tu Krismasi! Mwaka huu firigisi ni yangu, nimeapa. Nina miaka thelathini na minane. Mpunga wa Mama nalima mimi, kokoa naanika mimi, lakini kila Krismasi napewa shingo. Shingo! Eti firigisi ni ya mwanaume mkubwa wa nyumba, na tangu Baba afariki mkubwa ni kaka Ambwene. Ambwene yuko Ujerumani! Anaonyeshwa firigisi kwenye simu, tena simu yangu, kisha jirani yetu Mzee Nsajigwa, mzee wa kanisa, anaila kwa niaba yake. Anatafuna polepole huku ananitazama.

Jumatatu, 22 Desemba
Mpango umeiva! Nimemwambia Mama, kwa huzuni kabisa, kwamba Ambwene kaniandikia: ameacha kula nyama. Siku hizi anakula majani. Mama akakaa chini. Akauliza majani gani. Nikasema kama mchicha, ila mabichi. Akashika kichwa. Simu yake ya kitochi haipigi Ujerumani, hawezi kuuliza. Nani atamwekea firigisi mla majani? Nimepiga mluzi mpaka shambani.

Jumanne, 23 Desemba
Balaa! Mama kakimbilia kwa Mzee Nsajigwa. Wameamua nyumba nzima tufunge na kuomba mpaka Krismasi, Ambwene arudiwe na hamu ya kuku. Nikasema nina vidonda vya tumbo. Mzee akasema hivyo navyo ataviombea.

Jumatano, 24 Desemba
Njaa! Lakini sirudi nyuma. Jogoo nimemchagua mwenyewe, yule mwekundu mwenye kifua. Mama anachambua mchele huku akimtaja Ambwene kwa Mungu. Roho imeniuma kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 25 Desemba
KRISMASI! Wali unanukia mpaka barabarani. Mtandao, ambao hukatika kila siku, leo umetulia tuli. Ambwene akatokea na sweta hadi masikioni, mkononi paja la kuku. Anatafuna! Mama akapiga vigelegele, ndaga fijo, ndaga Kyala, ahsante sana Mungu. Akamuuliza amerudia nyama lini. Ambwene akasema hajawahi kuiacha. Mama akanigeukia. Nikatazama miguu yangu. Aliyeniokoa ni Mzee Nsajigwa: akasema muujiza umepita maombi, kijana hata dhambi yenyewe ameisahau!

Kisha Ambwene akaomba aone firigisi. Kuku wa huko, akasema, wanauzwa bila firigisi. Amezunguka maduka matatu. Akafuta macho kwa sweta. Mzee akaila. Polepole.

Nikamfuata Mama jikoni, nikamwaga yote. Kwa nini mimi shingo tu? Hakunigombeza. Akasema mimi ananiona kila siku, anajua nimekula nini. Kwa Ambwene amebaki na sahani tu ya kumwekea. Anamwekea aliye mbali ili ajue nyumbani bado pana nafasi yake. Nimelia, mwanaume mzima.

Ijumaa, 26 Desemba
Asubuhi yote nimeyafikiria maneno ya Mama. Nimeelewa! Anayewekewa firigisi ni aliye mbali. Basi Pasaka naenda nje ya nchi. Karonga, Malawi! Navuka daraja la Songwe asubuhi, mchana niko ughaibuni. Simu yangu namwachia Mama, huko nitaazima nyingine nipige video nikiwa na sweta. Firigisi mbele ya kamera, kwa jina langu! Nimemweleza Mzee Nsajigwa mpango mzima. Kaufurahia mno. Kasema atanisindikiza mwenyewe hadi mpakani.