Bambo la Mafaili

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Nimepata wazo! Nimelipata hukuhuku kazini, mdomo umekauka kwa kusoma namba.

Nieleze vizuri, maana siku moja watu watataka kujua mambo yalianzaje. Ofisi yetu ya kuchapa ipo nyuma ya duka la vitenge la baba yake Pritesh, bosi wetu, hapa Shinyanga mjini. Watafiti wa dhahabu wa Bugarama hutuletea makaratasi ya vipimo vya mawe, maelfu ya mistari. Mimi nachapa faili langu. Eufrasia anachapa lake kutoka karatasi zilezile. Kisha tunayatoa kwenye printa na kuyalinganisha: mimi nasoma, yeye anafuata kwa rula, na kila namba anaitikia "ehe". Tukitofautiana, mmoja wetu kakosea. Kazi hiyo inakula wiki nzima, tumekaa bega kwa bega.

Sasa, kompyuta si ipo? Nitaandika programu, ilinganishe yenyewe. Pritesh atanipandisha cheo. Eufrasia ataona nina akili, si kama yule Ignas, dereva wa watafiti, anayejiona bwana mkubwa kwa Land Rover isiyo yake. Halafu natuma mshenga kwao. Mambo kwisha!

Alhamisi, 5 Septemba

Aibu tupu. Nimeiwasha programu mbele ya wote, na Ignas akiwemo, kaegemea mlango. Mwanzoni ikaenda vizuri. Ghafla: TOFAUTI. TOFAUTI. TOFAUTI. Printa ikalia mpaka rimu ikakaribia kwisha. Pritesh akaja mbio akapiga kelele, karatasi hizo zinaokotwa barabarani?

Eufrasia ndiye aliyegundua. Niliruka mstari mmoja wakati wa kuchapa, basi mistari yangu yote ya chini ikapanda, kila mmoja ukalinganishwa na usio mwenzake. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Akasema tungesoma kwa mdomo tungeliona kosa palepale. Nikamjibu kwamba huo ni ushamba.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeuchapa mstari niliouruka. Sasa programu haikosei, lakini Mungu wangu, ni kobe! Inasoma mstari mmoja huku, mmoja kule, disketi inanguruma kama mashine ya kusaga. Nimeiacha wakati wa chakula, nimerudi, bado. Jua limezama, bado. Pritesh kasema rula ya Eufrasia ina kasi zaidi.

Jumapili, 8 Septemba

Nipo Samuye kwa mama. Jana alikuwa anauza mchele. Mnunuzi kaja na bambo lake, kile chuma chenye tundu cha kuchomea gunia. Kachoma juu, kachoma katikati, kachoma chini, kamimina punje kiganjani, karidhika. Hakufungua gunia hata moja!

Nikaruka. Kwa nini mimi nasoma faili zima? Nitachoma! Kwanza naangalia ukubwa wa mafaili. Yakilingana, nachoma mwanzo, katikati na mwisho. Basi.

Mnunuzi alipoondoka mama akacheka sana. Kumbe chenga zote alizipanga kwenye pembe za magunia, ambako bambo halifiki. Mama yangu ni mjanja huyu! Tulicheka wote, na mimi ndiye niliyemsaidia kuyashona magunia hayo.

Jumatatu, 9 Septemba

Ushindi! Nimebonyeza, sijamaliza hata kukohoa, kioo kikaandika: YANAFANANA. Pritesh alinikumbatia. Alimwita baba yake aje aone.

Kwa kuwa mafaili yanafanana, lipi liende Bugarama? Langu, bila shaka. Jina langu nimeliandika juu ya disketi kwa wino mwekundu.

Jambo dogo tu. Pritesh kasema, kama kusomeana namba kumekwisha, Eufrasia akimaliza kuchapa aende mbele dukani akapime vitenge. Sikulifikiria hilo. Mchana nimekaa peke yangu, namsikia anaongea na wateja.

Jumatano, 18 Septemba

Ignas sasa ni mnunuzi mkubwa wa vitenge. Eti vya dada zake. Dada wangapi hao? Kila akija anamwamkia Eufrasia "mwangaluka", Kisukuma cha lafudhi mbovu, naye Eufrasia anacheka.

Lakini leo kaleta habari: huko Bugarama ni shangwe. Jiwe moja limeonyesha gramu nane kwa tani! Wamehamishia mtambo wa kuchoronga miamba hapohapo, na wamechinja mbuzi. Nikamkumbusha Ignas kwa sauti, ili hata dukani isikike, kwamba hilo ni faili langu.

Jumatatu, 23 Septemba

Sijui nianzie wapi. Mkuu wa watafiti kaja mwenyewe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wamechoronga, wametoa mawe matupu. Kaja na karatasi yake halisi. Imeandikwa 0.08. Mimi nimechapa 8.00. Tarakimu zilezile, ukubwa uleule, na bambo langu halikuchoma hapo.

Akauliza faili la pili liko wapi. Eufrasia akalitoa kwenye droo. 0.08. Sahihi kabisa, lilikuwa humo muda wote! Pritesh akanitamkia maneno ya Kigujarati ambayo sikuomba tafsiri.

Mkuu akamwuliza Eufrasia kama yuko tayari kufanya kazi kambini. Eufrasia alinigeukia mimi, akakaa ananitazama. Nikaona ni lazima niseme kitu, nikasema programu ina kasoro ndogo tu, nitairekebisha.

Eufrasia akamwambia mkuu kwamba yuko tayari.

Jumamosi, 28 Septemba

Kaondoka na Land Rover, sanduku lake Ignas kalifunga kwa kamba kama la bibi harusi. Nilitoka kumuaga. Akaniambia kusomeana namba wengine waliona ni adhabu, lakini yeye hakuona hivyo hata siku moja. Nikamkubalia kwamba kweli, tulikuwa tunapoteza muda mno. Akaniambia, "Wabeja, Ngassa," asante tu ya Kisukuma, akapanda gari. Sijui nilikosea wapi.

Jumatatu, 30 Septemba

Pritesh kapiga marufuku programu. Turudi kusoma, kasema. Turudi na nani? Mtu mwingine haajiri mpaka hasira imtoke. Nimesoma namba peke yangu kutwa nzima, na rula nikashika mwenyewe. Nikisoma, kimya. Ikanibidi niwe naitikia "ehe" mwenyewe. Mzee Mansukhlal, baba yake Pritesh, alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vitenge vyake.

Najuta. Kumbe ile "ehe" ndiyo ilikuwa inanitoa kitandani asubuhi. Ningemwambia. Alikuwa hapa, bega hili, miezi yote ile, nami nahangaika nitamwondoaje katika kusomeana namba asichoke! Mjinga mimi. Mjinga kweli.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimelala, nimeamka, nimepata wazo!

Bambo la kwanza lilikuwa na upungufu mmoja tu: lilichoma mahali patatu. Hili jipya linachoma mahali kumi. Kumi! Nimelijaribu Pritesh alipokwenda benki. Niliweka kosa kwa makusudi, pale hasa bambo linapochoma, na likalikamata papo hapo! Halina kasoro.

Ignas analeta makaratasi kesho. Nitameza kiburi changu, nimwombe lifti mpaka Bugarama. Safari hii namweleza Eufrasia yote yaliyo moyoni. Nitaweka disketi mezani kwake, nimwambie nimemtengenezea mwenyewe, kwa mikono yangu, ili katika maisha yake yote asikae tena kusomeana namba na mtu yeyote.

Atafurahi huyo!