Shangazi, Makazi Asilia ya Mtuliza-kifua

Jueni, ndugu wasomaji, shangazi yangu muuza chai ni eneo tengefu. Ukimsogeza hata kwa kiwiko, umevunja sheria. Hizi habari ninazo za uhakika, maana mimi ndiye Kitengo cha Picha na Taarifa katika Ofisi ya Mimea Iliyo Hatarini. Kitengo ni mimi na simu yangu.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya ofisi, kati ya meza ya shangazi na maegesho ya Mkurugenzi, uliota mtuliza-kifua, ule mmea ambao watu huchemsha majani yake kikohozi kikibana. Wataalamu wetu waliusaka misitu yote wakarudi na alama za mbu. Mmoja akashuka kunywa chai, akauona. Wa mwisho unaojulikana, jamani, uko jirani na sukari.

Mkurugenzi akasaini Amri ya Ulinzi Jumuishi: mmea usiguswe, wala makazi yake yasibughudhiwe na mtu yeyote, awe na cheo gani. Hayo maneno ya cheo aliyadai mwenyewe, akagonga meza. Nikampiga picha akigonga.

Kisha tukaondoa tishio la kwanza, yaani shangazi.

"Mama, jiko lako linaufadhaisha mmea," mtaalamu mmoja akamwambia.

"Miaka yote hii umefadhaika na bado unachipua?"

"Ndiyo maana tunasema uko hatarini."

Shangazi akanigeukia. "Na wewe mwanangu unapiga picha tu? Meza hii ndiyo iliyokununulia hiyo simu."

Kweli tupu. Nikaandika: *Ulinzi waanza kwa kishindo.*

Tukaulinda vilivyo. Uzio, kamera, turubai la kuzuia jua na mvua, bango la Amri kubwa kuliko mmea wenyewe. Kumwagilia kukapigwa marufuku, kwani ni kugusa kwa njia ya maji. Majani yakawa manjano, nikaagizwa niandike "yamepevuka." Yakadondoka; nikaandika "yamestaafu."

Kikabaki kijiti na majani mawili, na waziri yuko njiani kuja kuuzindua. Mkurugenzi jasho linamtoka, akauliza: kabla hatujaulinda, ulikuwa unaishije? Nikafungua picha zangu za zamani. Kila picha shangazi yumo, anamwaga beseni la maji ya kuoshea vikombe pale pale shinani.

Tukamfuata kwa gari la ofisi.

"Kumbe ulikuwa unaumwagilia, shangazi?"

"Nani, mimi? Mtaro uko mbali, mwanangu. Mimi mvivu."

Kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba uvivu wa shangazi ni sehemu ya mazingira asilia. Akarudi na jiko lake, uzio na turubai vikang'olewa, mmea ukachipua. Waziri akafurahi, akataka makazi hayo yapimwe papo hapo. Wataalamu wakapima meza, jiko, beseni, mabenchi, na pale wateja wanapofurika: maegesho ya Mkurugenzi.

Kesho yake Mkurugenzi akapiga honi kistaarabu. "Mama, sogeza benchi kidogo niingize gari."

Mlinzi akamwonyesha bango. "Awe na cheo gani, bosi."

Siku hizi anaegesha kule sokoni, anakuja kwa miguu na vumbi lote la barabarani. Leo kafika anakohoa mpaka tai imepinda. Akayatazama yale majani mabichi, akanyoosha mkono polepole.

"Jani moja tu, mama."

"Usiguse, baba," shangazi akamwambia kwa upole, akimmiminia kikombe. "Kaa hapo, unywe chai."

Akakaa benchini, pale palipokuwa pakikaa tairi lake la mbele. Nikapiga picha, nikaandika: *Mkurugenzi aonekana ndani ya makazi asilia, hajabughudhi chochote.*