Mzimu Aliyeoga Mara Mbili

Fakihi Mtalika hakupewa jina lile kwa utani. Baba yake, Myao mcha Mungu wa Lisekese kule Masasi, alitarajia mwanachuoni wa kufungua vitabu. Mwenyezi Mungu akampa mtoto wa kufungua mifuko ya watu, tena kwa mdomo tu, bila kugusa kifungo.

Mwaka ule picha ya Malkia mpya ilipotundikwa ofisini kwa Bwana DC, Fakihi alikuwa na kazi moja ya halali. Alikuwa na pembe ya bati, aliyoikunja mwenyewe kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, na kwa pembe hiyo akitangaza ngoma. Hupanda lori la korosho Masasi, akashuka Newala, akasimama juu ya jiwe sokoni, na watu wakaambiwa juma lijalo kuna nini na wapi. Wenye ngoma humpa chakula, naye husema ngoma yao ni nzuri. Aliyempa kuku, ngoma yake huwa haijapata kuonekana tangu dunia iumbwe.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, vumbi jekundu likiwa limewapaka watu wote rangi moja, Fakihi alikaa nyuma ya banda la muuza mihogo, mdomo ukitafuna na masikio yakiwa kazini. Upande wa pili wa banda wazee wawili walikuwa wakinong'ona. Mmoja alikuwa Petro Nandonde, Baba Yuliana, mwenye kundi la mapiko la Chilangala. Lipiko ni mchezaji aliyevaa kichwa cha mti kilichochongwa uso wa mtu, mwili wote umefungwa nguo, asionekane hata ukucha. Wanawake huambiwa kwamba huyo si mtu, ni mzimu umetoka ardhini. Wanawake huitikia, "Loo!" na mambo yamekwenda vizuri hivyo tangu zamani.

"Mchezaji wetu kaanguka," alisema Petro. "Juu ya mkorosho, chini pu! Mguu umevimba kama boga."

"Na Jumamosi ijayo wanawali wanatoka unyagoni."

"Na Tandahimba wanakuja na lipiko lao. Watatucheka mpaka mvua inyeshe."

Fakihi akameza muhogo wake, akajifuta midomo, akazunguka banda taratibu kama mtu anayepita tu.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Mimi sikusikia kitu. Lakini ninyi mnatafuta mchezaji."

Petro alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. Viatu vilikuwa vya watu wawili tofauti.

"Ng'ambo ya Ruvuma yuko mtu," aliendelea Fakihi kwa sauti ya chini. "Jina lake silitaji, hapendi kutajwa. Akicheza huyo, kuku huacha kutaga siku tatu."

"Kwa nini waache?"

"Mshangao, nang'olo," alisema Fakihi, akimwita mzee kwa Kimakonde. "Mshangao tu."

Hakukuwa na mtu kama huyo ng'ambo ya Ruvuma, wala huku. Lakini Petro alikuwa na Jumamosi inayomjia mbio, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuuliza maswali mengi. Masharti yakasemwa. Kwanza, baiskeli ya Petro, ya kumfuata mgeni mtoni. Pili, boma la makuti katikati ya mikorosho, ambamo mgeni atakaa asionekane na yeyote, hata wazee, mpaka siku yenyewe. Atakayeingia na kutoka ni Fakihi peke yake. Kichwa cha mti na nguo zake viwekwe humo mapema, apate kuvizoea. Kuku mmoja kila siku, wa kupikwa, na wengine watano hai wa kupeleka kwao.

"Na maji ya kuoga," alimalizia Fakihi. "Asubuhi na jioni."

Wazee wakatazamana.

Hapo ndipo mjanja wetu alipoteleza, wala hakujua. Masasi mtu akitaka kuoga huenda nyuma ya nyumba akateka. Kule juu Newala kisima kiko bondeni, chini kabisa ya mteremko. Mwanamke huondoka alfajiri na mtungi, akarudi jua likiwa utosini, na maji yale huosha nyuso za watoto kwanza, kisha vyombo, kisha hupewa mbuzi. Watu hupeana chumvi, hupeana moto, hata mchumba. Maji huyaulizii.

"Asubuhi *na* jioni?" aliuliza Petro.

"Ni mtu safi sana."

Fakihi akapanda juu ya jiwe, akainua pembe.

"Sikilizeni, sikilizeni, mambo ya juma zima! Kesho Jumapili, kwaya ya misheni, sauti nne, na ya tano ni ya padre mwenyewe! Jumatatu, sindimba kwa akina Nikolao, wenye viuno vya kukodi wasije! Jumanne, marimba! Jumatano, dufu na maulidi, njooni na udhu wenu! Alhamisi, wachongaji wanaweka vinyago sokoni, kuangalia ni bure, kushika ni ugomvi! Ijumaa, beni, na mpuliza baragumu ameahidi kupuliza kwa mdomo! Na Jumamosi, enyi watu wa Newala, wanawali wanatoka unyagoni Chilangala, na lipiko limevuka Ruvuma kwa miguu, juu ya maji!"

Akina mama wakasema, "Loo!"

Siku ya Jumatatu alfajiri Fakihi akatangaza kwamba mgeni amefika. Akaingia bomani na baiskeli, akafunga mlango wa makuti, akajilaza juu ya mkeka. Maisha yakawa mazuri. Kuku akiletwa mlangoni, anakohoa kwa sauti nzito, sauti ya ng'ambo. Debe la maji likiletwa, anaoga akijimwagia kata juu ya kata, akiimba polepole. Mpango ulikuwa mwepesi: Ijumaa baada ya sala lori la korosho huteremka Masasi. Baiskeli juu ya magunia, tenga la kuku kando yake, Fakihi katikati. Jumamosi watu watafungua boma na kukuta kwamba mzimu amerudi kwao. Nani atamdai mzimu?

Aliyekuwa akileta maji alikuwa Paulina, Mama Magdalena. Binti yake Magdalena alikuwa mmoja wa wanawali wa kutoka Jumamosi, wa pekee kwake, na kwa ajili ya siku hiyo Paulina alikuwa ameteka maji siku kumi na tano, akiyaweka katika mitungi sita mikubwa: ya pombe, ya ugali wa wageni, ya kumwogesha mwali. Wageni wa Tandahimba wakikuta pombe haitoshi, Magdalena angeolewa na kuzikwa na watu bado wanasimulia. Na sasa wazee walikuwa wameamuru: mzimu aoge. Jumanne mtungi wa kwanza ulikuwa umekwisha. Jumatano alipokuta wa pili unalia koo tupu, Paulina aliweka debe chini, akamngojea Fakihi pale mlangoni.

"Hujambo, baba."

"Sijambo, Mama Magdalena."

"Mzimu kaamkaje?"

"Salama. Anasema maji ya jana yalikuwa na mchanga kidogo."

Paulina alivuta pumzi. "Mwambie atusamehe. Baba, wewe unaoga wapi?"

"Mimi? Mimi naoga kwa maneno, mama."

"Ni maneno mazuri hayo. Newala nzima tumekuwa wekundu kama matofali, shingo yako peke yake inang'aa."

Fakihi akacheka, akasema hiyo ni baraka ya kukaa karibu na wakubwa, akaingia ndani na debe.

Paulina alisimama kidogo akisikiliza maji yakimwagika. Kisha akaenda kwa Cecilia, mwenzake wa kuteka maji, aliyekuwa akitwanga.

"Huyu mzimu wanasema ni Mmakonde wa ng'ambo," alisema Paulina.

"Ndivyo walivyosema."

"Mmakonde, awe hai awe amekufa, anajua maji yanatoka wapi. Haogi mara mbili."

Cecilia akaacha mchi juu. "Basi mzimu huyu ametoka mahali penye visima."

"Mimi sijui kitu," alisema Paulina. "Mimi ni mwanamke."

"Na mimi pia," alisema Cecilia, na wote wawili wakacheka mpaka kinu kikaanguka.

Ijumaa adhuhuri Paulina alimfuata Petro barazani kwake, akapiga magoti vizuri kwa heshima.

"Shikamoo, Baba Yuliana."

"Marahaba, Mama Magdalena."

"Sisi wanawake mambo ya mapiko hatuyajui. Lakini tumeota, mimi na Cecilia, ndoto moja. Tumeota mzimu anayeoga sana, asipojitekea maji mwenyewe kabla ya kucheza, pombe ya unyago inachacha. Labda ninyi mnaoyajua mtatueleza."

Petro akafikiria shingo ya Fakihi, aliyokuwa ameiona asubuhi ile. Akafikiria baiskeli yake. Akatazama vidole vyake vya miguu kwa muda mrefu, maana ni aibu mzee kufunzwa mambo ya mapiko na ndoto za wanawake.

"Ndoto hiyo," alisema mwishowe, "ni ya kweli kabisa. Kwani hamkujua? Ni mila ya zamani sana."

Kule bomani Fakihi alikuwa amekwisha kufunga tenga la kuku nyuma ya baiskeli. Mara akasikia vigelegele. Akachungulia katikati ya makuti: wanawake hamsini, madebe na mitungi vichwani, na mbele yao Petro na wazee wenye fimbo. Mlango mmoja tu. Wakimkuta Fakihi na tenga la kuku, bila mgeni, mambo yameharibika. Wakimkuta mgeni, bila Fakihi, mambo bado hayajaharibika. Akavuta nguo za lipiko, akajifunga, akajipachika kile kichwa cha mti. Atatoka, atacheza hatua mbili, atawahi lori.

Petro alifungua mlango. Aliliona tenga, aliiona baiskeli, akaviruka kwa macho.

"Karibu, mgeni wetu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mkalimani wako hayupo, lakini najua unatusikia. Kwenu ni kama kwetu: lipiko halisemi. Lipiko likisema limenajisi unyago, na sisi hulichoma moto." Akasogea, akaongeza kwa upole kabisa, "Hapohapo. Hatungoji mtu avue."

Mle ndani ya kichwa cha mti mdomo wa Fakihi, uliomlisha miaka thelathini, ukafunguka na kufungika kama wa samaki.

Paulina akaja mbele, akainama. "Shikamoo, mzimu. Tumesikia unapenda maji." Akamtwika debe, na ngoma zikalia.

Waliteremka wakiimba. Lipiko likijikwaa, wanawake wakishangilia, "Loo! Mzimu huyo anacheza!" Likikaa kwenye jiwe kupumzika, Cecilia akisema, "Jamani, limekumbuka kwao," nao wakalinyanyua kwa heshima zote. Bondeni wakalijazia debe mpaka juu. Na pale, mjanja wetu akiutazama mteremko kupitia tundu mbili zisizotosha hata dole gumba, akasikia kwa mbali, juu kabisa, honi ya lori la korosho ikilia mara moja, ikalia mara ya pili, ikaenda zake Masasi.

Akapanda. Mtu aliyewahi kupanda mteremko ule na debe kichwani hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi hataamini. Usiku wazee walilala mlangoni pa boma, na wanawake wakamrudisha tena kisimani Jumamosi alfajiri, kwa sababu, alisema Paulina, katika ndoto zilikuwa safari mbili. Mitungi ikajaa. Magdalena akaogeshwa, akapakwa mafuta, akang'aa. Pombe ikatosha.

Mchana Tandahimba wakaleta lipiko lao, likacheza vizuri, kwa adabu. Kisha likaitwa la ng'ambo.

Fakihi hakujua hata hatua moja. Lakini miguu yake, baada ya safari zile mbili, ilikuwa haimsikilizi tena. Ilitetemeka. Mtetemeko ukapanda magotini, ukaingia kiunoni, ukafika mabegani, mpaka kile kichwa cha mti kikawa kinatikisika kama jani la mkorosho kwenye upepo. Wapiga ngoma wakamwona, wakaufuata mtetemeko wake. Watu wakasimama. Mzee mmoja wa Tandahimba akalia machozi, akasema tangu utoto hajaona lipiko linalotetemeka namna ile. Fakihi alijaribu kuacha, asiweze. Watu wakazidi kushangilia.

Kwa hiyo iandikwe, kwa haki yake: katika bidhaa zote ambazo Fakihi Mtalika aliwahi kuwauzia watu, hiyo moja iliwafikia. Aliahidi mchezaji ambaye hajapata kuonekana, akaja.

Jumapili, watu walipotoka misa, wakasikia pembe ya bati ikilia pale sokoni. Juu ya jiwe alisimama Paulina. Petro alikuwa kando yake na baiskeli, uso wake kama wa mtu asiyejua lolote. Nyuma yao, katika nguo zake zote, lilikaa lipiko. Wazee walikuwa wamelieleza kwamba mzimu aliyependwa hivyo hawezi kuondoka kabla ya Ijumaa, siku ya lori.

"Sikilizeni, sikilizeni, mambo ya juma zima!" alitangaza Paulina. "Jumatatu, marimba kwa akina Nikolao, na lipiko linateka maji! Jumanne, sindimba, na lipiko linateka maji! Jumatano, kwaya inafanya mazoezi, na lipiko..."

"Linateka maji!" waliitikia akina mama wote.

Paulina akashusha pembe, akaligeukia lipiko. Jasho lilikuwa limechora mistari myekundu kwenye nguo zake, na pale shingoni, katikati ya nguo na kichwa cha mti, kipande cha ngozi kilichoonekana kilikuwa na vumbi kama la kila mtu.

"Mzimu wetu," alisema kwa unyenyekevu, "jioni tukuletee maji ya kuoga?"

Kichwa cha mti kikatikisika, polepole, kushoto na kulia.